Pedi Ipi Inakaa Mkononi? Mwongozo wa Kulinganisha Kabla ya Kulipa

Anayekwenda dukani kununua pedi ya gemu huuliza kama ina taa, inatetema vipi na imetoka mwaka gani. Muuzaji hujibu kwa furaha, maana kila jibu linapandisha bei. Swali lisiloulizwa ni lile litakalomkuta mnunuzi usiku huohuo: mechi ya nne ikifika, kidole gumba kitakuwa kimeanza kuuma au la?

Mwongozo huu unalishughulikia swali hilo tu. Ni wa mtu anayechagua kati ya pedi zinazopatikana kwa wingi: DualShock 4 ya PS4, DualSense ya PS5, ya Xbox, na za Nintendo Switch, yaani Joy-Con na Pro Controller. Kanuni yake ni umbo kwanza, mbwembwe baadaye. Pedi inapimwa kwa mkono wako, kwenye gemu unayoicheza wewe, kwa muda wa kutosha mkono kuchoka. Hatua ya tatu na ya saba ndizo zenye kazi kubwa. Nyingine ukiwa na haraka unaweza kuzifanya palepale kaunta.

Hatua ya 1: Pima mkono

Chukua rula. Kunjua kiganja, vidole vibanane, upime kutoka mkunjo wa kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati. Kisha pima upana wa kiganja pale vidole vinne vinapoanzia, bila kuhesabu kidole gumba. Namba hizo mbili hazitakuchagulia pedi, lakini zitakusaidia kuchuja ushauri. Mwenye mkono wa sentimita 20 akikwambia pedi fulani ni ndogo mno, na wako ni sentimita 17, umeshajua neno lake ulipime vipi.

Kama pedi itatumiwa na nyumba nzima, pima mkono mkubwa kuliko yote na mdogo kuliko yote, halafu mdogo ndio uamue. Mtu mzima anaweza kukunja vidole. Mtoto hawezi kurefusha vyake. Microsoft walilijua hilo baada ya kuumia. Xbox ya kwanza ilitoka mwaka 2001 na pedi kubwa kiasi cha kupachikwa jina la Duke. Kwa soko la Japani ikabidi itengenezwe ndogo zaidi, Controller S, na mwaka 2002 hiyo ndogo ikaanza kuchukua nafasi ya Duke kwenye masoko mengine pia. Miaka mingi baadaye, walipoandaa pedi ya Xbox Series iliyotoka Novemba 2020, waliipunguza tena kidogo ili iwatoshe hata wenye mikono iliyo sawa na ya mtoto wa kawaida wa miaka 8.

Hatua ya 2: Ishike ikiwa imezimwa

Mwambie muuzaji asiiwashe kwanza, kwa sababu taa na mtetemo vinahadaa. Kaa, legeza mabega, fumba macho, ishike kama unavyoshika ukiwa nyumbani, halafu usisogeze kidole hata kimoja. Fumbua macho. Vidole gumba vimetua juu ya nini? Vidole vya shahada viko juu ya L1 na R1, juu ya L2 na R2, au vimening'inia katikati? Vile vitatu vya nyuma vimeujaza mpini, au kile cha mwisho kinatafuta pa kushika?

Hapo ndipo tofauti zisizoonekana kwenye picha hujitokeza. DualShock 4 na DualSense zinakaribiana sana kwa upana: milimita 162 kwa 160. Ukiziona kwenye tangazo utadhani kilichobadilika ni rangi. Kumbe unene umetoka milimita 52 hadi 66, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo utaihisi kwenye mipini. Kwa mwenye kiganja kipana, DualSense inajaza mkono na vidole vinatulia. Mwenye kiganja chembamba huona DualShock 4 inamtii zaidi, hata kama ni ya zamani, na hana sababu ya kuona haya kusema hivyo mbele ya wenye PS5.

Mipini ya Xbox ni mifupi na ya mviringo, na huishia ndani ya kiganja badala ya kutokeza chini yake. Kwenye Xbox 360 ya mwaka 2005, kifuko cha betri kilitokeza mgongoni na vidole vya kati vikawa vinagongana nacho. Kuanzia Xbox One ya 2013 betri zikaingizwa ndani ya umbo lenyewe, na mgongo ukawa laini. Pitisha kidole cha kati mgongoni mwa kila pedi unayoilinganisha; ukikuta tuta, skrubu au mshono pale kidole kinapopumzika, kumbuka kwamba utaugusa muda wote utakaocheza.

Joy-Con ni habari nyingine kabisa. Kila moja ina urefu wa milimita 102 hivi na upana usiofika 36, tena ni bapa. Zikiwa mbili, moja kila mkono, ni raha: mabega yanafunguka na mikono inakaa popote inapotaka, hata mmoja ukiwa nyuma ya mto wa kochi. Ila ukiilaza moja na kuicheza kama pedi nzima, kama wanavyofanya watu wawili wakigawana, kiganja cha mtu mzima hakina cha kushika. Kwa mtoto inafaa. Kwa baba yake, raundi mbili za Mario Kart zinatosha.

Ukiwa bado umeishika, kuna na ngozi ya pedi. Igeuze DualSense uiangalie mgongoni kwenye mwanga wa pembeni: ule mkwaruzo unaouhisi ni alama ndogondogo za pembetatu, duara, msalaba na mraba, maelfu kwa maelfu, zilizochongwa kwenye plastiki. Pedi ya Xbox Series ina vinundu vidogo kwenye mipini na kwenye triga. Hayo si mapambo. Kwa anayechezea Tanga au Mombasa mwezi wa Februari, feni ikiwa inazungusha joto lilelile, plastiki laini hugeuka utelezi kabla ya kipindi cha pili.

Hatua ya 3: Chunguza stiki zilipowekwa

Ubishi mkubwa wa pedi zote uko hapa, na chanzo chake ni historia zaidi ya sayansi. PlayStation ilipotoka Japani Desemba 1994, pedi yake haikuwa na stiki. Kushoto mishale, kulia vitufe vinne, basi. Mwaka 1997 Sony walipoongeza stiki mbili, kwanza kwenye Dual Analog na kisha kwenye DualShock, sehemu nzuri za juu zilikuwa zimeshakaliwa. Stiki zikatiwa palipobaki, chini na katikati, zikitazamana. Zimebaki hapo hadi leo. Nintendo kwenye GameCube, na Microsoft kwenye Xbox, wote mwaka 2001, walianza na ukurasa mweupe: stiki ya kushoto wakaipandisha juu, mishale wakaishusha chini. Pro Controller ya Switch nayo inafuata mpango huo.

Sasa rudi kwenye jaribio la kufumba macho. Kwenye pedi ya PlayStation, kidole gumba cha kushoto hutua karibu na mishale, na ili kuifikia stiki inabidi kivutwe ndani. Kwenye Xbox kinatua moja kwa moja juu ya stiki. Upande wa kulia, pedi zote mbili zinakubaliana: kidole kinatua kwenye vitufe.

Tafsiri yake inategemea unacheza nini. Kwenye mpira, kidole cha kushoto hakiachi stiki tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, na cha kulia kiko kwenye vitufe karibu muda wote. Kwa kazi hiyo mpangilio wa Xbox unavipa vidole vyote viwili mahali pa asili, wakati ule wa PlayStation unakiacha cha kushoto kimenyooshwa dakika tisini nzima za mchezo. Kwenye gemu za bunduki kama Call of Duty, stiki mbili hufanya kazi pamoja, moja kutembea na moja kulenga. Hapo wapo wanaopenda vidole vyote viwili viwe na mkunjo sawa, na PlayStation inawapa hilo.

Nikiulizwa maoni yangu, kwa mpira stiki ya juu ni bora kwa umbo. Lakini kizazi kizima cha vibanda vya gemu Afrika Mashariki kililelewa na PS2 na gemu ya mpira ya PES, na mkono uliozoea hauhamishwi kwa hoja. Mazoea nayo ni sehemu ya raha. Kama umecheza miaka kumi na stiki za chini na hujawahi kuumwa, usihame kwa sababu ya makala.

Mwenye mashaka afanye hivi. Weka kidole gumba juu ya stiki ya kushoto ikiwa katikati, bila kuisukuma. Angalia kifundo cha kidole hicho. Kama kimekunjika kidogo, una akiba ya kusukuma mbele. Kama kimeshanyooka wima, basi kila ukitaka kukimbia mbele utakuwa unauvuta mkono mzima, na hicho kinaweza kuwa chanzo cha maumivu ya shina la kidole gumba ambayo wachezaji wengi hudhani ni ya uzee. Kisha zungusha stiki polepole ukingoni, mzunguko kamili. Sikiliza kama inakwaruza, na uone kama kuna pembe ambayo kidole kinalazimika kunyanyuka ili kuifikia.

Angalia pia kichwa cha stiki. DualShock 2 na 3 zilikuwa na kichwa cha kuba, kama uyoga, na kidole chenye jasho kiliteleza. Kwenye DualShock 4 Sony wakakitoboa bonde katikati na kukizungushia ukingo ulioinuka. Za Xbox zina bonde na ukingo wenye meno madogo. Stiki za Joy-Con ni fupi na mwendo wake ni mdogo, hivyo kuzisogeza kidogokidogo kwa ustadi ni kazi. Na kama unaangalia DualShock 4 za toleo la kwanza, kagua mpira wa stiki: ulikuwa na tabia ya kubanduka.

Hatua ya 4: Vitufe na mishale

Mpangilio wa vitufe vinne kwa umbo la almasi ulianza na Super Famicom ya Nintendo mwaka 1990, na wengine wengi wakaufuata. Walichoshindwa kukubaliana ni majina. Kwenye Nintendo, A iko kulia na B iko chini. Kwenye Xbox, A iko chini na B iko kulia, na X na Y nazo zimebadilishana. Mwenye mashine zote mbili nyumbani atafuta alichotaka kuhifadhi angalau mara moja. Sony walikwepa herufi: Teiyu Goto, aliyebuni pedi ya kwanza ya PlayStation, alitumia alama nne, duara likimaanisha ndiyo na msalaba hapana. Japani walicheza hivyo, kwingine duniani ikawa kinyume, hadi PS5 ilipokuja mwaka 2020 na msalaba ukawa ndiyo kwa wote.

Linganisha mambo mawili: kina na sauti. Bonyeza kila kitufe pembeni, si katikati, kwa sababu kwenye mechi hakuna anayelenga katikati. Kitufe kizuri kinashuka sawa hata kikibonyezwa ukingoni. Halafu bonyeza viwili vilivyo jirani kwa kidole gumba kilicholala. Nafasi ikiwa kubwa mno, kidole kitazama katikati ya vyote viwili na kukosa vyote viwili.

Mishale ina maana kwa mcheza Tekken au Mortal Kombat. Wa mpira aipite haraka. Msalaba wa kipande kimoja tunaoujua ulibuniwa na Gunpei Yokoi kwa ajili ya Donkey Kong ya Game & Watch mwaka 1982. Sony waliukata juu ukaonekana vipande vinne. Xbox Series imeuweka juu ya kisahani kilichobonyea, na hubonyea kwa mlio mkali unaosikika chumba cha pili. Joy-Con ya kushoto haina msalaba kabisa, ina vitufe vinne vya duara, kwa sababu ikilazwa hugeuka kuwa vitufe vya kupigia. Jaribu kutelezesha kidole kutoka chini kwenda mbele kwa mkupuo mmoja bila kukinyanyua, mara kadhaa. Kwenye vitufe vilivyotengana utaona tabu yake.

Hatua ya 5: L na R

Hapa jua kwanza gemu yako inaweka wapi kukimbia. PES kwa kawaida iliweka mbio kwenye R1. FIFA, ambayo tangu 2023 inaitwa EA Sports FC, iliziweka R2. Linaonekana jambo dogo, lakini ndilo linaloamua kidole cha shahada cha kulia kitakaa wapi. Wa R1 anahitaji ukingo mwembamba usiochosha kushikilia. Wa R2 anahitaji triga yenye mkunjo wa kukizuia kidole kisiteleze, na chemchemi isiyo ngumu. L2 na R2 za DualShock 3 zilikuwa na mgongo unaoinama kwenda nje, na kidole kilichokuwa kimeshikilia mbio kiliporomoka chenyewe. DualShock 4 ilirekebisha kwa kuukunja mgongo ndani.

Za DualSense zina mota inayoweza kuzikaza, upinde ukawa mzito kuvuta na breki ya gari ikakataa. Ni ufundi wa kweli na mara ya kwanza inashangaza. Ila ugumu huo unabebwa na kidole chako, na kwenye mipangilio ya PS5 kuna sehemu ya kuupunguza au kuuzima. Unapolinganisha, izime kwanza ili upime triga yenyewe, halafu iwashe uamue kama unaitaka.

Hatua ya 6: Uzito na betri

DualShock 4 ina gramu 210 hivi, Pro Controller 246, DualSense 280, na ya Xbox 287 ikiwa na betri zake ndani. Joy-Con moja ni kama gramu 50. Gramu 70 za tofauti kati ya PS4 na PS5 huzioni kama mikono imeegemea mapaja. Anayecheza amesimama, au amelala chali na pedi juu ya kifua, atazihisi.

Ya Xbox hutumia betri mbili za AA, zile za rimoti, na Microsoft wanasema hufika saa 40. Pro Controller nayo inatajwa saa 40 kwa chaji moja, Joy-Con kama 20. DualSense ina betri ya mAh 1,560 dhidi ya 1,000 ya DualShock 4, lakini triga na mtetemo wake vinakula. Wapo wanaosifu AA kwa sababu ya umeme kukatika. Umeme ukikatika, mashine yenyewe na televisheni vimelala, kwa hiyo faida ni ndogo kuliko inavyosemwa. Faida yake halisi ni kwamba miaka mitano baadaye betri haijafia ndani ya pedi.

Hatua ya 7: Cheza dakika arobaini

Kiatu hakijaribiwi kwa kukitazama dirishani. Dakika tano za dukani zinakuonyesha pedi ikiwa ngeni, na kila kigeni kinapendeza. Uchovu huanza baadaye.

Chagua gemu moja unayoijua kwa moyo, na utumie hiyohiyo kwa kila pedi. Usijaribu pedi mbili mfululizo, maana ya pili itarithi uchovu wa ya kwanza. Acha ipite siku, au angalau usiku. Usibadilishe mipangilio ya gemu katikati. Pedi ya rafiki inafaa, na kama huna rafiki mwenye mashine hiyo, kibanda cha gemu ni maabara ya bei nafuu: unalipia muda au mechi, na PS4 utaipata, pengine na PS5. Kumbuka tu kwamba pedi za kibandani zimechezewa na mtaa mzima. Pima umbo, uzito na mpangilio. Ulegevu wa stiki zake usiuhesabu.

Kila baada ya dakika kumi, weka pedi chini uandike neno moja au mawili. Panauma wapi: shina la kidole gumba, kifundo cha mkono, kidole cha shahada, au ule ukingo wa kiganja upande wa kidole cha mwisho? Kiganja kina jasho? Kuna alama nyekundu mahali plastiki iliposhika? Ukiweza, mwombe mtu akutazame bila kukwambia anachokitafuta. Ataona usichokiona: unatikisa kidole gumba kila goli likiingia, unahamisha pedi mkononi mpira ukiwa nje, unafuta mkono kwenye suruali. Hizo ndizo dalili. Mchezaji aliyetulia haigusi pedi yake kwa namna nyingine yoyote zaidi ya kucheza.

Mtazamaji huyo aangalie na jinsi unavyobana. Watu wengi hukamua pedi wakifungwa, na pedi ndogo au nyembamba hukamuliwa zaidi, kwa kuwa kiganja hakijajaa. Ndiyo maana anayelalamika kwamba DualSense ni nene wakati mwingine huchoka nayo polepole kuliko nyembamba aliyoisifu. Tofauti ya aina hiyo hutokea kwenye dakika ya thelathini, haitokei dukani.

Mkao nao usiingie kwenye hesabu kwa siri. Kigoda kifupi kinachokulazimisha kuinama, magoti yakiwa juu, hupindisha kifundo cha mkono, na pedi ikalaumiwa bure. Viwiko viegemee mapaja au mto, kifundo kinyooke. Na kama ganzi au maumivu yanabaki hata siku usiyocheza, hilo ni la daktari.

Hatua ya 8: Kama ni ya mtumba, au bei yake inatia shaka

Stiki nyingi, zikiwemo za DualSense na Xbox Series, zina ndani yake kipande kinachosugua juu ya njia ya kaboni na kupima umeme unaopita. Kinachosugua huisha. Njia ikilika au ikiingia vumbi, mashine huamini unasukuma stiki wakati umeiacha, na mchezaji wako anaanza kutembea mwenyewe. Joy-Con zilisumbua kwa hili hadi rais wa Nintendo, Shuntaro Furukawa, akaomba radhi mbele ya wanahisa Juni 2020. Stiki za sumaku hazina msuguano huo. Sega waliziweka kwenye pedi ya Dreamcast tangu 1998, na leo pedi za makampuni ya pembeni kama GuliKit na 8BitDo zinazo. DualSense Edge ya mwaka 2023 imechagua njia ya kati: stiki nzima inachomolewa na kubadilishwa, kwa bei yake.

Kupima ni rahisi ukiwa na kompyuta ya Windows na waya. Chomeka pedi, bonyeza Windows na R, andika joy.cpl, fungua sehemu ya sifa. Utaona alama ndogo ya msalaba ndani ya mraba. Isogeze stiki hadi ukingoni, iachie ghafla, kila upande. Alama irudi katikati na itulie. Ikirudi nusu, au ikitetemeka peke yake kama imeshikwa na homa, stiki imechoka. Switch ina kipimo kama hicho ndani ya mipangilio yake, chini ya vidhibiti na vihisi.

Kwa feki, DualShock 4 ni miongoni mwa zilizoigwa sana. Mizani ya jikoni inasaidia: iliyo nyepesi mno kuliko gramu 210 ina kitu kilichopunguzwa ndani. Telezesha kidole kwenye kile kibao cha kugusa kilichopo katikati, ndani ya gemu au kwenye kompyuta. Nyingi za kuiga zinakubali kubonyezwa tu, hazihisi kidole kinachopita. Kwenye toleo la 2016, mstari mwembamba wa taa huonekana pia upande wa juu wa kibao hicho. Pitisha ukucha kwenye mshono wa mipini. Mshono unaokwaruza ukucha utakwaruza na kiganja.

Feki haimaanishi mbaya kwa kila mtu. Kwa pedi ya wageni na watoto, wengi huiridhia. Ubaya ni kuilipia bei ya halisi.

Hatua ya 9: Mkono usiofanana na ya wengi

Kabla ya kuikataa pedi kwa sababu kitufe kimoja kiko mbali, jaribu kukihamisha. PS4, PS5, Xbox na Switch zote zina mipangilio ya kubadilisha kazi za vitufe, na mtu ambaye kidole chake cha shahada kina kovu au baridi yabisi anaweza kuhamishia mbio za R2 kwenye kitufe kingine bila kununua chochote. Kwa wasioweza kushika pedi ya kawaida, Microsoft walitoa Xbox Adaptive Controller mwaka 2018, ubao wenye vitufe viwili vikubwa na matundu ya kuchomekea swichi za mguu, kiwiko au kidevu. Sony wakafuata na Access mwishoni mwa 2023, ya duara, inayolala mezani au kwenye mkono wa kiti cha magurudumu. Madukani kwetu ni adimu, kwa hiyo hesabu na gharama ya kuagiza.

Hatua ya 10: Ukiwa umeshachagua

Hakikisha inakubaliana na mashine yako. DualSense haiendeshi PS4. DualShock 4 inakubali PS5, lakini kwa gemu za PS4 tu. Ya Xbox Series inafanya kazi kwenye Xbox One bila tabu, na zote hizi hukubali kompyuta na simu nyingi za kisasa kwa Bluetooth, jambo la maana kama unacheza gemu ya simu inayokubali pedi na kidole kimechoka kusugua kioo.

Omba ichomekwe mashine ya dukani mbele yako, uingie kwenye gemu, uachie stiki zote mbili na kuhesabu hadi ishirini. Kama hakuna kinachosogea, lipa, chukua risiti iliyoandikwa namba ya pedi, na mkubaliane hapohapo ni siku ngapi unaruhusiwa kuirudisha stiki ikianza kutembea.